Bondia wa uzito wa juu kazeeka na anapigwa: atundike glovu au apande ulingoni tena?

Kila bondia mkubwa akipigwa mara mbili tatu watu wanagawanyika hapohapo, hawa wanasema mzee kapumzike umetuburudisha vya kutosha, wale wanasema tulieni ngumi bado anayo, mbona Foreman alichukua mkanda ana miaka 45. Na kila upande una mifano yake ya kweli kabisa, ndo maana ubishi hauishi. Mi nimefuatilia uzito wa juu miaka mingi, nimekesha usiku mwingi tu kusubiri pambano ambalo likaja kuisha raundi ya pili, na nimegundua swali lenyewe tunaliuliza vibaya. Tunahesabu tu: kapigwa mara ngapi, ana miaka mingapi. Hizo namba mbili zinasema kidogo sana. Ya kuuliza ni kapigwa vipi, anarudi kwa sababu gani, na nani anamwambia arudi. Ukishajua hayo uamuzi unakuwa mwepesi zaidi, japo hautakuwa mtamu.

Basi naziweka njia mbili hapa, kustaafu na kuendelea, zitazamane, na wewe muweke bondia unayemfikiria uone anaangukia wapi.

Kapigwa vipi?

Hapa ndo nitakaa sana kwasababu hapa ndo penye jibu. Kuna kupigwa kwa uzembe na kuna kupigwa na umri, na kwenye rekodi vyote vinaandikwa sawasawa, umepoteza.

Chukua Lennox Lewis. Aprili 2001 kaenda Afrika Kusini kupigana na Hasim Rahman, kajiandaa hovyo, kadharau, raundi ya 5 kala mkono wa kulia akalala chali. Alikuwa na miaka 35, na watu wakaanza kumzika. Novemba mwaka huohuo wakarudiana, safari hii kajifua kama mtu mwenye akili zake, raundi ya 4 Rahman chini. Juni 2002 akamnokauti Mike Tyson raundi ya 8 pale Memphis. Sasa huyo ungemwambia astaafu baada ya Rahman ungekuwa umemwonea. Alichopoteza ilikuwa nidhamu, na nidhamu inarudi kama mtu akiitaka.

Muhammad Ali mwenyewe, Februari 1978 kapigwa na Leon Spinks, kijana ambaye kabla ya hapo alikuwa na mapambano 7 tu ya kulipwa. Aibu. Lakini Septemba mwaka huohuo akamrudia, akazunguka, akakumbatia, akapiga jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, akachukua pointi na mkanda. Miaka 36. Tena angeishia pale stori yake ingekuwa nyingine kabisa, na kweli 1979 alitangaza kustaafu, ila hakutulia.

Sasa angalia Oktoba 2, 1980, Las Vegas, Ali na Larry Holmes. Ukipata video yake iangalie mara moja tu, mara ya pili huhitaji. Kwa macho Ali alipendeza, kapungua uzito, nywele nyeusi, tumbo halipo. Kengele ikalia na hakuna kilichotoka. Anaona ngumi inakuja, unamuona kabisa macho yanaifuata, na kichwa kinabaki palepale. Holmes aliwahi kuwa mtu wake wa sparingi, yaani wa kupigana naye mazoezini, alikuwa anampenda, kuna nyakati anapiga huku anamtazama refa kama anamwambia si umsimamishe huyu. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi, zote. Baada ya raundi ya 10 kocha wake Angelo Dundee akasema basi, na ndo mara pekee Ali kushindwa kumaliza pambano katika maisha yake yote.

Umeona tofauti? Lewis alipigwa na ngumi ambayo angeweza kuikwepa kama angekuwa amejiandaa, Ali alipigwa na ngumi alizokuwa anaziona zote. Macho yapo, amri inatoka kichwani, mwili unaipokea imechelewa. Hiyo hakuna kocha anayeitibu.

Kwahiyo kabla hujachagua upande rudia kuangalia yale mapambano aliyopoteza, na usiangalie ile nokauti peke yake maana nokauti inadanganya, angalia raundi za kabla ya hapo. Anarusha ngumi ngapi? Bondia aliyeisha huwa anaacha kurusha kabla hajaanza kuanguka. Deontay Wilder Desemba 2023 na Joseph Parker kule Riyadh, ule mkono wa kulia uliokuwa unatisha dunia nzima ulikaa umeinuliwa tu, anasubiri nafasi nzuri ambayo haikuja, raundi 12 zikaisha kwa pointi. Juni 2024 Zhilei Zhang akamlaza raundi ya 5. Watu walizungumzia lile pambano la Zhang kwasababu alianguka, mimi lililoniogopesha ni lile la Parker ambalo alibaki amesimama.

Kitu kingine angalia ni ngumi za aina gani zinamuangusha. Kama zamani alikuwa anakula ngumi hiyohiyo anacheka na sasa hivi jabu tu miguu inacheza, kidevu kimeondoka, yaani ule uwezo wa kuvumilia ngumi. Mguu ukipungua spidi unaweza kubadilisha staili, ukakaa katikati ya ulingo, ukafunga mikono kifuani kama Foreman mzee. Kidevu hakina staili mbadala.

Sababu za kuendelea, na ni za kweli

Sitaki kuwa wale wanaosema kila mwenye miaka 38 akalale. Uzito wa juu ni tofauti na uzito mwingine, huku mtu hajinyimi chakula ili afike kwenye mizani, mwili haukaushwi maji kila pambano, na nguvu ya ngumi ndo kitu cha mwisho kuondoka, spidi inatangulia, pumzi inafuata, nguvu inabaki. Huyo Zhang aliyemlaza Wilder alikuwa na miaka 41, mkubwa kuliko Wilder. Oleksandr Usyk Julai 2025 kampiga Daniel Dubois raundi ya 5 ana miaka 38. Kwahiyo umri peke yake usiutumie kama fimbo.

Halafu tuje kwa Foreman, maana najua ndo mnamsubiri. Novemba 5, 1994, George Foreman miaka 45, Michael Moorer miaka 26, mkanda uko kwa Moorer. Foreman kavaa bukta nyekundu ileile aliyovaa Kinshasa 1974 aliyopigwa na Ali. Raundi 9 zote mzee anapigwa, uso umevimba, kwenye kadi za majaji wote watatu yuko nyuma, yaani kengele ya mwisho ikilia kapoteza. Raundi ya 10 ikatoka mkono wa kulia mfupi, haukuwa hata na haraka, Moorer akalala chali akahesabiwa mpaka kumi. Foreman akaenda kona akapiga magoti. Mi hiyo picha kila nikiiona nywele zinasimama, sikatai.

Lakini watu wanaomtumia Foreman kama ushahidi wanaruka mambo mawili. La kwanza, alikaa nje miaka 10. Alipopigwa na Jimmy Young mwaka 1977 akaacha ngumi akaenda kuhubiri, akarudi 1987. Miaka kumi kichwa chake hakijaguswa, wakati wenzake wa rika lake ndo walikuwa wanamalizana. La pili, katika maisha yake yote ya ulingoni alipoteza mara 5 na kati ya hizo aliyemuangusha akashindwa kuendelea ni mmoja tu, Ali. Holyfield 1991 alimpiga kwa pointi, Tommy Morrison 1993 pointi, Shannon Briggs 1997 pointi, na hata hiyo ya Briggs wengi waliona kaibiwa. Kwahiyo "kapigwa" ya Foreman ilikuwa kuchoka na kuzidiwa mbinu, haikuwa kuzimishwa. Bondia wako kama kazimwa mara tatu ndani ya miaka miwili usimtaje Foreman tafadhali.

Holmes naye ni mfano mzuri upande huu, huyohuyo aliyempiga Ali. Spinks mwingine, Michael, mdogo wake Leon, kampiga mara mbili kwa pointi, 1985 na 1986, Tyson akamnokauti raundi ya 4 Januari 1988. Kila mtu akasema kwisha habari yake. Akapumzika, akarudi 1991, na Februari 1992 akamfundisha ngumi Ray Mercer ambaye hakuwa amepoteza pambano, Holmes miaka 42, kaegemea kamba anaongea na kamera huku anapigana. Akaendelea mpaka 2002. Na yeye pia, hiyo ya Tyson ndo mara pekee alishindwa kumaliza pambano. Mnaona mnyororo? Hawa wazee waliorudi wakafanya vizuri karibu wote ni watu ambao ngumi hazikuwaingia sana, walijua kujikinga tangu ujana. Jabu nzuri ni kama akiba ya benki, uzeeni unaila.

Sababu za kutundika glovu

Sasa upande wa pili, na hapa sitacheka.

Ubongo umeelea ndani ya fuvu. Kichwa kikizungushwa ghafla na ngumi ya mtu wa kilo 110, ubongo unabaki nyuma kidogo halafu unavutwa, na nyuzi zake zinanyooka na nyingine zinakatika. Huhitaji nokauti kwa hilo, zile ngumi mia za kawaida za kila wiki kwenye sparingi nazo zinahesabiwa. Tangu 1928 daktari mmoja Mmarekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wanatembea na kuongea kama walevi bila kunywa, yaani kulewa ngumi, na mpaka leo huo ugonjwa wa ubongo unaotokana na kupigwa kichwani unathibitishwa kwa uhakika baada ya mtu kufa tu, ubongo ukipasuliwa na kuangaliwa. Kwa hiyo bondia akikwambia nimepima kichwa kiko safi, kipimo kinaonyesha kama kuna damu imevuja au kitu kimepasuka, hakionyeshi kila kitu kinachoendelea. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani picha safi ya MRI ni cheti cha kupigana mpaka uchoke.

Na dalili zinatangulia. Ali alitangazwa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, 1984, lakini watafiti walipokuja kupima mahojiano yake ya zamani walikuta maneno yalikuwa yanapungua kasi miaka kadhaa kabla, kipindi ambacho bado anapigana. Daktari wake Ferdie Pacheco aliona mapema, baada ya pambano la Earnie Shavers Septemba 1977, ambalo Ali alishinda jamani, alishinda, Pacheco akatuma barua kwa Ali na watu wake kuhusu hali ya figo, hakujibiwa, akafunga begi akaondoka kambini. Baada ya hapo Ali akapigana mara nne zaidi. Ya mwisho Desemba 1981 Nassau, Bahamas, na Trevor Berbick, mambo yalivyokuwa hovyo kengele ya ulingoni haikupatikana wakatumia kengele ya ng'ombe. Mtu mkubwa kuliko wote kwenye huu mchezo kamaliza kwa kengele ya ng'ombe, kapoteza kwa pointi, bado mwezi mmoja afikishe 40.

Jerry Quarry hamumsikii sana lakini ndo ninayemfikiria mimi kila mzee akitangaza kurudi. Alipigana na Ali mara mbili na Joe Frazier mara mbili, mtu mgumu. 1992 akiwa na miaka 47 akarudi, majimbo mengine yakamnyima leseni akaenda Colorado ambako wakati ule hakukuwa na tume ya ngumi ya kumzuia, akapigwa raundi 6 na mtu asiyejulikana. Miaka michache baadaye alikuwa hawezi kujivalisha nguo mwenyewe. Kafa Januari 1999 ana miaka 53.

Kwahiyo ukiweka njia mbili pamoja kwenye afya: akistaafu leo anabaki na madhara ambayo yapo tayari, hayafutiki, ila haongezi. Akiendelea anaongeza juu ya kitu ambacho hakuna mtu anayejua kimejaa kiasi gani. Hiyo ndo hesabu yenyewe.

Hela

Wengi hawarudi kwasababu ya kupenda mkanda, wanarudi kwasababu ya hela, na si vibaya kusema. Joe Louis alistaafu 1949 akiwa bingwa, serikali ya Marekani ikamdai kodi nyingi kiasi cha kurudi 1950 akapigwa na Ezzard Charles, na Oktoba 1951 Rocky Marciano akamtoa nje ya kamba raundi ya 8, Louis miaka 37, na Marciano alienda chumba cha kubadilishia nguo akalia maana yule alikuwa shujaa wake. Na deni la kodi halikuisha na ngumi zile. Tyson alitangaza kufilisika 2003, 2004 akapigwa na Danny Williams, Juni 2005 akakaa kwenye kigoda chake baada ya raundi ya 6 na Kevin McBride na hakuinuka, akasema mwenyewe hana tena roho ya kazi hii.

Hapa ulinganisho ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, kaa na kalamu. Ile hela inayotangazwa ya pambano siyo ya bondia. Meneja anaweza kuchukua mpaka theluthi, kocha kama asilimia 10, kambi ya wiki 8 mpaka 12 inalipiwa, watu wa sparingi wanalipwa kwa wiki, chakula, daktari, halafu kodi. Kinachobaki wakati mwingine ni chini ya nusu. Na bondia aliyepoteza mara tatu analipwa kama jina, si kama bingwa, kila kupigwa bei inashuka, kwahiyo anauza kitu kilekile kwa bei ndogo zaidi kila mara na kitu chenyewe ni kichwa chake. Kama hela itakayobaki mkononi inaweza kubadilisha maisha, inalipa nyumba na deni likaisha, hapo kuna mazungumzo. Kama inaziba tu pengo la miezi sita halafu atahitaji pambano lingine, hapo mazungumzo yameisha, maana hilo pambano lingine litakuwa baya kuliko hili.

Na kuna hatua moja chafu ambayo mapromota hawaisemi hadharani. Bondia mzee mwenye jina akishaanza kupigwa anageuka ngazi. Wanamletea kijana mwenye rekodi safi anayetakiwa kupata jina, yaani wewe ndo unapandiwa. Simu zinaendelea kuingia, ofa zinaendelea kuja, na mzee anadhani bado anahitajika kumbe wanahitaji jina lake kwenye rekodi ya mtu mwingine. Dalili yake ni kwamba ofa inakuja na muda mfupi, wiki 4 au 5, kwasababu hawataki ujiandae vizuri.

Gym inamdanganya

Hiki niliona mwenyewe, bondia simtaji. Nilikuwa nimekaa pembeni ya ulingo gym moja naangalia sparingi, mzee wa uzito wa juu aliyewahi kuwa na jina kidogo, anajiandaa kurudi, na kijana wa miaka 22 hivi. Kabla hawajaanza kocha alimvuta kijana pembeni akamwambia kitu sikukisikia. Raundi mbili mzee anaonekana moto kweli, anakata kona, kijana anarudi nyuma, watu wanapiga makofi, mzee anasema mmeona eeh. Raundi ya tatu kijana akajisahau, akaachia ngumi ya pembeni ya kushoto ya kawaida tu, haikuwa hata ngumi ya nguvu, ikampata mzee juu ya sikio na mzee akasimama. Hakuanguka. Alisimama tu mikono juu, anatazama mbele, kama sekunde mbili, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Kocha akapiga kelele "taim!" wakati muda ulikuwa haujaisha. Kijana akaomba msamaha! Kwenye sparingi, kuomba msamaha kwa kupiga.

Mzee akashuka ananiambia leo nilikuwa vizuri sana. Na hakuwa anadanganya, ndivyo alivyoona. Ndo maana bondia akisema "gym naua watu" mi sisikilizi tena, kambini wote wanalipwa na yeye.

Kwahiyo ukitaka kujua, usimuulize kocha, muulize mke wake kama anasahau alipoweka funguo, kama anarudia stori moja mara mbili jioni moja, kama hasira zimebadilika, kama anashindwa kulala na taa inamuumiza. Nyumbani hakuna anayelipwa asilimia.

Njia za katikati

Zipo tatu na nitazipitia haraka. Pambano la kuaga, moja tu, na mtu dhaifu: linafaa kama kweli ni moja, ila mara nyingi akishinda anasema mmeona bado nipo, na anarudi kulekule. Pambano la maonyesho, kama Tyson na Jake Paul Novemba 2024 akiwa na miaka 58: hela nzuri, japo lile lilihesabiwa kama pambano rasmi kabisa, raundi 8 za dakika mbili mbili, na tulichoona ni mzee anauma glovu yake huku kijana anamhurumia. Evander Holyfield naye 2021 kapanda na Vitor Belfort ana miaka 58, raundi ya kwanza refa kamaliza. Kupumzika mwaka mzima bila sparingi halafu ndo uamue: hii naipenda kuliko zote na hakuna anayeitaka kwasababu haina hela. Lakini ndo inayojibu swali. Mtu akikaa mwaka kichwa kimetulia akatamani bado kurudi, na vipimo vikarudiwa, angalau anaamua akiwa mzima, si wiki mbili baada ya kupigwa ambapo kinachoongea ni aibu.

Nani aseme

Mimi nasema asiwe mtu yeyote mwenye mgao. Pacheco aliweza kusema kwasababu alikuwa tayari kuondoka. Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier, Manila Oktoba 1, 1975 kwenye pambano na Ali, raundi ya 14 imeisha, imebaki moja tu, Joe Frazier jicho la kushoto lilikuwa bovu toka zamani na la kulia limevimba limefunga, yaani haoni ngumi zinatoka wapi, Frazier anataka kuinuka, Futch kamwekea mkono akamwambia kaa chini mwanangu, hakuna atakayesahau ulichofanya hapa leo. Dakika tatu zimebaki za pambano kubwa kuliko yote na yeye kakata. Frazier alikasirika sana siku zile.

Haya, sasa mpange bondia wako

Kama alipoteza kwa pointi au kwa kuchanika, bado anarusha ngumi nyingi, hajawahi kuzimwa zaidi ya mara moja, ana umri hata wa 39, kabadilisha kocha na kakubali kapigwa kwa makosa yake: apigane, mwacheni, ila pambano la kati, asirukie bingwa.

Kama kazimwa mara mbili ndani ya miezi 18: leseni ikae kabatini mwaka mzima. Zile siku 60 au 90 za kusimamishwa baada ya nokauti ni za chini kabisa, siyo dawa.

Kama harushi ngumi tena, ngumi ndogo zinamtikisa, na nyumbani wanasema amebadilika: aache leo. Hata kama kuna ofa, tena hasa kama kuna ofa.

Kama ni tajiri na ameshafanya kila kitu, anarudi kwasababu nyumbani kimya: Wladimir Klitschko, Aprili 2017, Wembley, watu 90,000, miaka 41, kamuangusha Anthony Joshua raundi ya 6, karibu amalize kazi, akaja kusimamishwa raundi ya 11. Kapigwa lakini kapigwa kiume na kila mtu alitaka warudiane, mkataba wa marudiano alikuwa nao, hela ilikuwa mezani. Kafikiria miezi mitatu, Agosti akasema hapana. Nenda kamsikilize anavyoongea siku hizi, neno kwa neno, lugha zaidi ya mbili.

Na wa mwisho ndo mgumu, yule ambaye kazimwa, hana hela, hana kazi nyingine aijuayo, na ana watoto. Ukimwambia astaafu anakuuliza nile nini, na hana kosa. Mimi naona huyo msimwambie neno kustaafu kwanza. Tafuta gym imchukue wiki hii, ashike pedi, afundishe vijana jabu, alipwe hata kidogo, halafu mpe miezi mitatu aone mshahara unaingia bila kupigwa. Glovu ataziweka chini mwenyewe. Mkianza kwa kumnyang'anya leseni atafanya alichofanya Quarry, atatafuta sehemu ambayo hakuna anayeuliza, na sehemu hizo hazijawahi kukosekana.